Soma Shtaka Kwanza, Kulia Baadaye

Saa mbili kasorobo asubuhi. Duka la vitambaa la jirani halijafunguliwa hata ubao mmoja, lakini barazani kwa Bi Shemsa Miraji, hapa Mlandege, watu washakaa wanangoja zamu. Malori ya mawe yanapita kuelekea Michenzani na vumbi linatimka. Bi Shemsa anaifunika mashine yake ya taipu kwa ncha ya kanga, anapiga chafya, anawaombea madereva wapate akili, kisha anaifunua tena.

Mbele yake kakaa mwanamme wa makamo, jasho linamtiririka na jua bado halijawa kali. Mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nane.

"Lete nione," anasema Bi Shemsa.

"Bi Shemsa, mimi nshakwisha. Nipigie barua ya kuomba msamaha tu."

"Msamaha wa nini?"

"Wa hili shtaka."

"Shtaka lenyewe linasemaje?"

Mwanamme anamtazama. Hajui! Karatasi kaletewa juzi, kaikunja, kaitia mfukoni, na tangu hapo anatembea nayo. Lakini kuisoma, hajaisoma.

"Ebo! Unaomba msamaha wa kitu usichokijua? Kaa kitako, baba. Soma kwanza, kulia baadaye."

Karatasi inakunjuliwa. Shtaka ni la kuendesha baiskeli bila ya taa. Baraza nzima inaangua kicheko, na mwenyewe anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kofia.

Hiyo ndiyo kazi ya Bi Shemsa, mwanamke wa miaka arubaini na saba, mkaazi wa Amani, mjane, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Anaandika barua za kila namna, na za ndoa pia, lakini sifa yake iliyovuka mpaka mashamba ni moja: anamfahamisha mtu shtaka lake na kumtayarisha kwenda kujitetea. Siku hizi mawakili hawasimami katika mahakama zetu. Mshtakiwa anasimama kwa miguu yake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe, na ulimi wenyewe, wallahi, siku hiyo huwa mzito kama jiwe la kusagia.

Barua ni senti hamsini. Shtaka ni shilingi mbili. Siku ya neema anarudi nyumbani na shilingi nane, siku ya ukame anarudi na mkate wa mofa aliopewa na jirani. Wako wanaomwambia apandishe bei. "Mtu aliyeletewa shtaka tayari kakamuliwa," anasema. "Mimi nimkamue nini tena, maganda?"

Sheria hakuisomea popote. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mfagiaji katika jengo moja la mahakama hapa mjini. Anafagia ukumbini, masikio yako ndani. Karani mmoja wa Kigoa, mzee mpole, alimfundisha kupiga taipu wakati wa mapumziko, na aliposafiri moja kwa moja mwaka 1964 akamwachia mashine yake.

Lakini kilichomtia katika kazi hii si mashine. Ni nduguye, Bakar.

"Bakar alishtakiwa kwa kununua mali ya wizi," anasimulia, na sauti yake inashuka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Mimi nimo humo humo ndani, nimeshika ufagio. Akaulizwa, umelifahamu shtaka? Akasema nimelifahamu. Akaulizwa, ni kweli? Akasema ni kweli, mheshimiwa. Nikamwendea rumande nikamuuliza, Bakar, ulifahamu nini? Akaniambia, dada, sikufahamu hata neno, lakini watu wazima wale wamekaa wananitazama, ningewaambiaje sikufahamu? Ikawa ni utovu wa adabu! Akala miezi sita kwa ajili ya adabu yake."

Anatikisa kichwa. Hakusahau, na hana nia ya kusahau.

Njia yake ya kufanya kazi ni hii. Anakusomea shtaka mara mbili, polepole. Mara ya tatu unamsomea wewe, au unamwelezea kwa maneno yako. Kisha anachukua kete za bao alizoachiwa na marehemu mumewe, anazipanga mbele yako barazani. Kila kete ni jambo moja ambalo serikali lazima ilithibitishe. Katika wizi anaweka nne: mali ilikuwa ya mtu mwengine, umeichukua wewe na si mwengine, umeichukua kwa nia ya kuiiba, na imetokea siku ile, saa ile, pahala pale walipopaandika wenyewe.

"Sasa zishike moja moja," anasema. "Hii kweli? Hii uongo? Hii hujui? Usinambie uongo mimi, maana uongo ukishaniambia mimi nitakujengea nyumba juu ya mchanga. Na kete moja tu ikiwaanguka wao, shtaka lote limeanguka."

Mwezi wa Agosti mwaka huu alishushwa kwenye gari ya shamba mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, uso umemvimba kwa kilio. Kesi yake ndiyo inayosimuliwa mpaka leo kila baraza ya hapa mjini, na ndiyo iliyomleta mwandishi huyu Mlandege.

Jina lake Mashavu Mwalim, wa kijiji cha Mwambeni, upande wa mashariki ya kisiwa. Ana miaka ishirini na saba. Kazi yake ni kamba. Kama wanawake wote wa kwao, anafukia makumbi ya nazi katika mashimo pwani, anayaacha yaoze miezi sita au zaidi, kisha anayafukua, anayapiga, anasokota usumba, yaani nyuzi zake, kuwa kamba. Mashimo yako mbali, kule ambako bahari ikipwa hupita watu kwa miguu. Kila mwanamke ana shimo lake na kulizunguka anaweka mawe ya alama.

Jirani yake, Bi Mize, alikwenda kufukua shimo lake akakuta mchanga mtupu. Akapiga yowe. Shemeji yake, Mjaka, akasema alimwona Mashavu. Polisi wakaja, wakakuta makumbi yaliyofukuliwa karibuni nyumbani kwa Mashavu, wakamchukua maelezo, na karatasi ikatoka: kwamba tarehe 6 Agosti, 1971, saa kumi za alasiri, katika pwani ya Mwambeni, aliiba makumbi yenye thamani ya shilingi arubaini, mali ya Bi Mize.

"Wananambia ni miezi sita," Mashavu alimwambia Bi Shemsa siku ile, na mtoto mgongoni akaanza naye kulia. "Huyu ana miezi minane. Nkenda jela, huyu atanyonya kwa nani?"

Bi Shemsa alimtoa mtoto mgongoni, akampa kokwa la embe alinyonye, akaanza kupanga kete.

Makumbi yale ya nani? Yangu, nimeyafukua shimo langu. Lini? Ijumaa ile ile, asubuhi, saa nne. Kuna aliyekuona? Wanawake wote wa Mwambeni walikuwa pwani, lakini kila mmoja kainamia shimo lake. Mpaka hapo mambo si mabaya. Kisha Bi Shemsa akafika kwenye mstari wa mwisho wa maelezo ya polisi, akavua miwani.

Umeandikwa hivi: mshtakiwa amekiri kwa kumwendea mlalamikaji na kumwomba msamaha.

"Mashavu! Ulimwendea?"

"Nlimwendea, mama."

"Kwa nini, na hukuiba?"

Mashavu akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mkono wa kulia. "Jirani yangu kanikasirikia. Naweza kulala na jirani kanikasirikia? Nlimwendea mimi na mama yangu mdogo, nikamwambia niwie radhi ikiwa nimekukosea. Ndivyo tulivyolelewa."

Loo! Nani hapa Unguja asiyejua jambo hilo? Umekosa, hukukosa, mwenzio akinuna unamtaka radhi, dunia inaendelea. Kutaka radhi si kukiri, ni kufagia njia baina ya nyumba mbili. Lakini likishaandikwa kwenye karatasi ya polisi limekuwa jengine kabisa.

Bi Shemsa anasema aliuona uso wa Bakar mbele yake. Adabu tena! Hasira zilimpanda. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo analionea fahari.

"Na yeye Bi Mize, ulipomtaka radhi, alikujibu nini?"

"Alinambia nami niwie radhi, Mashavu."

Wenye maduka ya jirani wanasema Bi Shemsa aliruka kutoka barazani kama msichana, buibui linapepea, akapiga kigelegele hadharani. Mashavu akadhani mwanamke kaingiwa na wazimu.

"Nshampata!" alikuwa akisema. "Wallahi nshampata!"

Bado kete ya nne, ya siku na saa. Bi Shemsa ni mtu wa mjini, bahari anaijua kwa kuitazama Forodhani tu. Alikuwa akiisoma tarehe kwa sauti, Ijumaa tarehe sita, saa kumi za alasiri, wakati Mashavu alipomkata kauli.

"Ijumaa ile si ndiyo usiku wake mwezi ulipatwa?"

"Ndiyo. Hata sisi Amani tuliswali."

"Basi saa kumi haiwezekani, mama."

"Kwa nini?"

"Mwezi mpevu, bamvua, maji makubwa. Saa kumi maji yamejaa. Mashimo yetu yako chini ya bahari pima mbili. Saa kumi kule hafukui makumbi mtu, labda samaki."

Bi Shemsa anakiri kwamba hapo alilia yeye. Miaka yote kaisoma sheria kwa masikio, na anakuja msokota kamba kumfundisha jambo ambalo askari wa mjini, kalamu mkononi, hakulifikiria. "Tangu siku ile," anasema, "kila shtaka ninaloletewa namuuliza mwenyewe kwanza: wewe kwa kazi yako, kuna kitu hapa unachokiona hakiwezekani? Mkwezi namuuliza ya minazi, mchukuzi namuuliza ya mizigo. Utetezi mwingi mtu anao mwenyewe, kaukalia tu."

Kwa siku nne walifanya mazoezi pale pale barazani. Bi Shemsa anakuwa mwendesha mashtaka, anakunja uso, anapiga meza, anauliza maswali matatu kwa pumzi moja. Mashavu anatakiwa asimame wima, ajibu alichoulizwa tu, na asiseme "ndiyo" kwa heshima. Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama, na wengine wakaanza kumtia Mashavu moyo: "Usikubali, dada! Muulize saa ngapi!" Ilikuwa kama mpira wa Amani.

Siku ya kesi ikafika. Chumba cha mahakama kidogo, watu wamejaa mpaka madirishani. Mahakimu watatu, watu wazima wa shamba. Bi Shemsa kakaa benchi la nyuma, hana ruhusa ya kufungua mdomo, na kwa mtu kama yeye hiyo ni adhabu tosha. Alikuwa akiuma ncha ya buibui lake.

"Umelifahamu shtaka?" Mashavu akaulizwa.

"Nimelifahamu." Akalieleza lote, jambo baada ya jambo, kwa maneno yake. Mahakimu wakatazamana. "Na si kweli."

Mwendesha mashtaka akalitoa lile la kukiri mwanzo kabisa, maana ndilo alilolitegemea. Bi Mize akasimamishwa, akasema ni kweli, Mashavu alikuja kumwomba msamaha. Ikaja zamu ya Mashavu kumuuliza.

"Bi Mize, shikamoo."

"Marahaba." Watu wakacheka kwa chini chini. Adui hawa!

"Nlipokuja kwako nlikwambia nimeiba?"

"Hukusema umeiba. Ulisema niwie radhi ikiwa nimekukosea."

"Nawe ulinijibu nini?"

Bi Mize akasita. Lakini ni mwanamke wa swala tano, na alikuwa kala kiapo. "Nlikwambia nami niwie radhi."

Hakimu wa katikati, mzee mwenye ndevu nyeupe, akainama mbele. "Ala! Basi Bi Mize, na wewe uliiba nini?"

Chumba kikalipuka. Askari wa mlangoni mwenyewe alikuwa akicheka kajificha nyuma ya kofia yake. Mwendesha mashtaka akakaa.

Akaja Mjaka. Ndiyo, alimwona Mashavu. Ndiyo, saa kumi, alasiri ishaswaliwa. Ndiyo, shimoni kwa Bi Mize, na pakacha lake.

"Kaka Mjaka," Mashavu akauliza, "usiku wa siku hiyo kulitokea nini?"

"Mwezi ulipatwa. Kila mtu anajua."

"Mwezi hupatwa ukiwa wa namna gani?"

"Ukiwa mpevu."

"Na mwezi ukiwa mpevu, saa kumi, bahari ya Mwambeni inakuwaje?"

Mjaka akamgeukia Bi Mize. Wanawake wa Mwambeni waliokuja na gari ya shamba walikuwa washaanza kunong'ona, maana jibu wanalijua tangu utotoni. Huko nyuma Bi Shemsa alikuwa kafumba macho, kaikamata mikono ya watu asiowajua kulia na kushoto.

Mwendesha mashtaka akasimama kusema kwamba haya ni maneno tu, bahari haikuletwa mahakamani. Hakimu mzee akamjibu kwamba bahari kuletwa haiwezekani, lakini mahakama miguu inayo. Akaahirisha kesi mpaka Jumatatu, tarehe 6 Septemba, mwezi ukiwa mpevu tena.

Siku hiyo Mwambeni hakulima mtu. Kufika saa kumi, mahakimu watatu, mwendesha mashtaka na kijiji kizima walikuwa wamesimama juu ya mchanga mkavu, na mbele yao bahari imejaa pomoni, kijani kibichi, mawimbi yanalamba viatu vya serikali.

"Mjaka," akasema hakimu, "tuoneshe shimo."

Mjaka akanyoosha kidole. Kidole kilionesha mbali kabisa, pahala ambapo ngalawa ilikuwa ikipita na tanga lake.

Hakuna aliyeweza kujizuia. Watoto walijitupa mchangani kwa kicheko, wanawake wanapiga vigelegele, na mwendesha mashtaka mwenyewe akavua kofia akajipepea. Hapo Mjaka akainamisha kichwa.

"Nlimwona njiani," akasema. "Na pakacha kichwani, anayapeleka kuyapiga. Shimoni sikumwona. Nlidhani tu."

"Mtu hafungwi kwa kudhani," akasema hakimu, na pale pale pwani, upepo ukivuma, shtaka likafutwa. Mashavu alimchukua mwanawe mikononi mwa mama yake mdogo, akakaa chini mchangani mbele ya mahakama yote, akamnyonyesha.

Na makumbi ya Bi Mize? Kesho yake asubuhi saa nne, maji yametoka, wanawake waliingia pwani wote kwa pamoja kutafuta. Hatua tatu tu kutoka kwenye mawe ya alama, Mashavu mwenyewe akachomeka kijiti kikagota. Makumbi yako vile vile, hata moja halikuguswa! Bamvua la mwezi wa Julai ndilo lililosukuma mawe, na Bi Mize alikuwa akifukua mchanga wa watu wengine. Alipoyaona alijishika kichwa, akamwendea Mashavu kumtaka radhi, na safari hii hakusema "ikiwa".

Tangu siku hiyo baraza ya Mlandege haipumui. Wanakuja kutoka Donge, kutoka Chwaka, kutoka kila pembe. Bi Shemsa anasema si wote anaowasaidia hushinda. Wako waliofanya kweli, na hao huwaambia waseme kweli na waombe wapunguziwe. "Lakini hata anayekwenda jela," anasema, "namtaka aende anajua kaendea nini."

Ana mpango mmoja, na akiusema macho yanamng'ara. Kila Jumamosi anapanda gari ya shamba kwenda Mwambeni kuwafundisha wanawake kusoma shtaka. Akitoka hapo anataka vijiji vyengine, kimoja kimoja, mpaka Unguja nzima. "Nataka ifike siku nikae hapa barazani asubuhi mpaka adhuhuri asije mtu," anasema. "Nikafe njaa kwa furaha."

Jumamosi iliyopita mwandishi alifuatana naye. Wanawake kumi na wanne walikaa mkekani nje ya nyumba ya Mashavu. Bi Shemsa aliandika shtaka la uongo la wizi wa kuku, akamkabidhi Mashavu awe mwendesha mashtaka, kisha akauliza nani atakuwa mshtakiwa.

Wote wakatazama chini. Hata kwa mchezo, nani anataka kuitwa mwizi?

Akasimama Bi Mize.

"Nshtakini mimi," akasema.

Mashavu akakunja uso, akapiga mkeka kwa kiganja, akaanza kusoma kwa sauti nzito: wewe Mize umeshtakiwa kwamba...

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema Bi Mize, na akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo karatasi, niisome mwenyewe."